Mshipi Ameushika Nani?

Msimu wangu wa kwanza nilimtumia mjomba wangu wa Kipumbwi, Pangani, video fupi tukiwa botini Ziwa Erie, huku Marekani. Alijibu kwa ujumbe wa sauti, upepo ukivuma nyuma yake: "Mpwa wangu, maji nimeyaona. Nimeona fito sita zimechomekwa kama mishikaki, nimeona na vibao vya rangi ya chungwa vinaogelea mbali kule kama mabata. Sasa nifahamishe, mshipi ameushika nani?"

Nilicheka, nikamwandikia kwamba nitampigia. Zilipita wiki mbili sijampigia, maana jibu sikuwa nalo.

Mjomba amevua kwa mshipi wa mkono tangu kabla sijazaliwa. Kwake uvuvi wote unapita juu ya kidole cha shahada. Kidole ndicho kinachojua kama huko chini kuna changu anadonoa, au tasi, au ni chubwi tu linagonga mwamba. Na mimi ndivyo nilivyofunzwa. Hata kurambaza nilikukuta kwake: ngalawa imeshiba upepo, mshipi mrefu unaburutwa tezini, ndoana imefungwa manyoya meupe ya kuku, tunamtafuta nguru. Mshipi ulikuwa na mwenyewe. Mjomba aliuzungusha kwenye kidole gumba cha mguu, mikono ibaki na usukani na demani ya tanga.

Basi nilipohamia Toledo, jimbo la Ohio, na jirani yangu, mzee mstaafu wa kiwanda cha vioo, akanikaribisha kwenye boti yake Jumamosi moja ya mwezi Mei, nilikwenda na kiburi cha mtoto wa pwani. Ziwa, maji baridi, samaki wa urefu wa mkono. Kitanishinda nini?

Samaki mwenyewe anaitwa wolai. Ni mrefu wa umbo, mgongo wa kijani uliochovywa dhahabu, tumbo jeupe, meno ya kuchoma, na macho makubwa kama yana ukungu. Ukimmulika tochi usiku macho yanawaka, kwa sababu nyuma yake kuna utando unaorudisha mwanga, kama wa paka. Jicho hilo ndilo linalomlisha. Alfajiri, magharibi, usiku, na maji yakichafuka kwa upepo, yeye anaona wakati dagaa anaowafukuza wanapapasa. Masika ya kule, barafu ikishayeyuka, wengi wao hupanda mito ya Maumee na Sandusky kutaga, wengine hutaga kwenye miamba ya ziwani humo humo, kisha joto linapozidi kundi kubwa linasogea mashariki kufuata maji ya kina. Mji wa Port Clinton hujiita mji mkuu wa wolai duniani, na usiku wa kuamkia mwaka mpya wanashusha sanamu kubwa ya samaki huyo kutoka juu inapofika saa sita kamili, umati ukipiga mayowe. Nilipeleka watoto mara moja. Baridi ya usiku ule sitaki kuikumbuka.

Jambo la kwanza ambalo mjomba asingeliamini ni kina. Ziwa Erie lina urefu wa kilomita 388, ukisimama ufukweni huoni ng'ambo, lakini upande wa magharibi tunakovulia sisi wastani wa kina ni mita 7 na kitu. Mnazi ukisimamishwa humo unabaki na nusu yake nje. Sasa pitisha boti yenye mashine juu ya maji ya namna hiyo, halafu uburute chambo nyuma yake. Samaki waliokuwa chini ya boti wamesikia, wamejitenga pembeni, na chambo zako zote sita zinapita katika njia ambayo wenyeji wake wameshahama.

Ndiyo kazi ya zile mbao, vile vibao vya chungwa alivyoviona mjomba: kuzipeleka chambo pembeni walikohamia. Wenyewe huziita plena. Ni ubao wa plastiki wa urefu wa mkono kasoro kiganja, umejazwa kitu chepesi ili uelee, chini una uzito ili usimame wima, na pua yake imekatwa mshazari. Maji yakiupiga ule mshazari yanausukuma nje, mbali na boti. Mtoto aliyerusha kishada ameshaelewa, ila hiki kinaruka majini. Mimi nilipouona mara ya kwanza nilikumbuka matengo ya ngalawa, yale yanayokanyaga maji kulia na kushoto, ila haya yameachiwa kamba yaende mita 20 au 30 huko. Unashusha kwanza chambo nyuma ya boti kwa urefu unaoutaka, tuseme futi 80. Kisha unabana mshipi kwenye mabanio ya ubao, unauweka ubao majini, unaachia mshipi taratibu, nao unaondoka wenyewe kwenda pembeni ukiburuta chambo nyuma yake. Ukiridhika unafunga rili, yaani kigurudumu cha kukunjia mshipi, unachomeka ufito kwenye kishikio. Unaanza na ubao wa mbali kabisa, unafuata wa kati, unamaliza na wa karibu. Boti yenye watu watatu inafagia uwanja mzima.

Na mikono inabaki mitupu. Hapo ndipo nilipoharibu.

Siku ile ya kwanza ubao wa kati upande wa kulia ulirudi nyuma ghafla, kama mtu aliyeshikwa shati. Mzee akasema, "Huyo." Nikaukamata ufito na kufanya nilichofunzwa tangu nina miaka minane: nikakwapua kwa nguvu zote. Kwenye mshipi wa mkono, usipokwapua umemlisha samaki bure. Hapa niliyempata kwa mkwapuo wangu ni ubao. Uliruka juu ya maji, banio likafyatuka, mshipi ukalegea, na yule samaki akapata nafasi ya kutema. Mzee hakusema neno. Alichukua ufito, akanirudishia ubao mkononi, akamimina kahawa.

Baadaye alinieleza kwa upole. Boti inakwenda, ubao una mkokoto wake, ndoana zina ncha. Samaki anapouma, vitu vitatu hivyo vimeshamaliza kazi ya kumchoma. Wewe wajibu wako ni kutoharibu. Usikwapue, usisimamishe mashine, usiruhusu mshipi ulegee hata kidogo. Unakunja kwa mwendo ule ule mpaka ubao ufike karibu, mtu wa pili anabana banio na kuutoa, unaendelea kukunja. Samaki unampeleka kwenye wavu kwa kichwa, mkia uje baadaye. Mwendo ule ule: niliyarudia maneno hayo kichwani msimu mzima, na bado mkono wangu ulikuwa unataka kukwapua.

Mwaka uliofuata nilinunua boti yangu, ya bati, futi 16, mashine kuukuu. Mzee alinionya nisinunue vifaa kwa pupa. Nilinunua kwa pupa. Kwenye mnada wa gereji nilikuta mbao mbili kwa bei ya chakula cha mchana, nikazichukua, na asubuhi yake nikazipeleka ziwani na shemeji yangu. Ule wa kulia ulikwenda kulia, safi. Ule wa kushoto niliuweka majini upande wa kushoto, ukatulia kidogo kana kwamba unafikiri, kisha ukageuka na kuja chini ya boti kuelekea kwenye pangaboi. Tukautoa, tukaurudisha, ukaja tena. Shemeji akasema labda una jini. Ilituchukua nusu saa kuziweka sambamba na kuona kwamba zote mbili mshazari wake umekatwa upande mmoja. Nilikuwa nimenunua mbao mbili za kulia. Zipo zinazogeuzwa zikatumika pande zote, lakini hizi hazikuwa hizo, na aliyeuza lazima alikuwa na mwenzake mahali fulani mwenye mbili za kushoto.

Hilo ni la kuchekesha. La banio halikuchekesha, kwa sababu lilinigharimu. Kutoka nyumbani nilikuwa na imani kwamba mshipi mzuri ni ule usiokatika, basi nikajaza rili zangu mshipi wa kusuka, mwembamba, wenye nguvu ya kufungia ng'ombe. Mshipi wa kusuka ni mtelezi. Banio la kawaida, lenye vipande viwili vya mpira, haliushiki. Ukija mkupuo wa wimbi unapita ndani yake kama uzi kwenye sindano. Siku moja ya upepo banio la mbele liliachia, la nyuma nalo sikuwa nimepitisha mshipi ndani ya kile kijipini chake kinachozuia ubao usiondoke, na ubao ukawa huru. Ziwa Erie kwa kuwa ni la kina kifupi mawimbi yake si marefu kama ya kwetu; ni mafupi, yamesimama, yanafuatana bila kukupa pumzi. Tuliufukuza ubao mmoja kwa dakika ishirini, tukiuona kileleni na kuupoteza bondeni, na mishipi mingine minne ikasukana nyuma yetu ikawa nyavu. Ubao hatukuupata. Tangu hapo kila ubao wangu una namba yangu ya simu kwa wino usiofutika, na mmoja ulioniponyoka baadaye ulirudi nyumbani namna hiyo: mtu aliuokota ufukweni akapiga.

Kutokana na hasara ile nilianza kuelewa kwa nini mzee alitumia mshipi wa nailoni wa kawaida, wa nguvu ya ratili 10, ambao mimi niliuona wa kitoto. Nailoni inanyumbuka. Wimbi linapousukuma ubao, nailoni inameza ule mshtuko. Samaki anapotikisa kichwa karibu na boti, nailoni inampa kidogo na kumrudisha. Ngozi ya mdomo wa wolai, pale pembeni ndoana zinaponasia mara nyingi, ni laini. Ukimvuta kwa kitu kigumu tundu linapanuka, na tundu likipanuka ndoana inadondoka yenyewe. Mimi nilikuwa na mshipi usionyumbuka, juu yake nikaweka ufito mgumu wa kuvulia samaki wa baharini, juu yake nikakaza breki ya rili. Asubuhi moja nilipoteza samaki watano mfululizo, wote wakiwa wameshafika mahali pa kuwaona rangi. Wa tano alikuwa mkubwa hata shemeji akavua kofia.

Sasa natumia ufito wa futi 8, shina lake imara lakini ncha inapinda kirahisi na mpindo unashuka hadi katikati. Breki naiweka laini kiasi kwamba ubao ukipigwa na wimbi kubwa rili inalia kidogo. Kila kiungo katika mnyororo huu kinatakiwa kimhurumie mwenzake. Banio liushike mshipi kwa nguvu ya kushinda mkokoto wa ubao, lakini vidole viweze kulifungua haraka samaki akiwa upande wa pili. Na ukishakuwa na nailoni, ufito laini na breki laini, ndoana lazima ziwe kali sana, kwa kuwa umeshaondoa nguvu zote za kuzisaidia. Mimi huzijaribu kwenye ukucha wa dole gumba: ndoana ikiteleza juu ya ukucha, naipiga tupa au naibadilisha. Watu wanatumia fedha nyingi kwa rangi za chambo, na ndoana butu wanaziacha misimu miwili.

Ukiwa na fedha ya kifaa kimoja tu cha bei, kipeleke kwenye rili zenye namba, zile zinazohesabu futi za mshipi uliotoka. Nilizikataa kwa muda mrefu nikiziona ni anasa ya Wamarekani. Kumbe mjomba anafanya hivyo hivyo kwa pima za mikono: "Pima kumi na mbili, funga hapo hapo." Kisamaki cha plastiki chenye mdomo mrefu wa kuzamia, kama Bandit au Reef Runner, kinazama kulingana na mshipi uliotoa, na unene wa mshipi huo nao unahesabika, mshipi mnene unasukumwa zaidi na maji, unakinyima kina. Kama samaki wa kwanza amekuja kwenye futi 85 na wewe hukujua ilikuwa ni 85, basi amekuja kukusalimu tu. Ukijua, unapeleka mbao nyingine mbili kwenye 85, unaacha moja kwenye 60 na moja kwenye 110 za upelelezi, na asubuhi inaanza kuwa na maana. Asiye na rili hizo afunge kifundo cha uzi wa rangi kila baada ya futi kadhaa. Inafanya kazi, ila vidole vinaganda mwezi Aprili.

Na kumbuka wolai anatazama juu. Macho yake yamekaa hivyo. Chambo kikipita futi mbili tatu juu ya kichwa chake anakifuata. Kikipita chini ya tumbo lake hakijapita. Kwenye kipima kina nikiona alama za samaki futi 18, nataka chambo zangu ziwe 14 au 15. Mwaka mzima niliburuta chambo chini ya samaki nikiwalaumu.

Mwendo ndio ulionichelewesha kuliko vyote. Mjomba hachagui mwendo; upepo ndio unaochagua. Mimi nina mashine na GPS, nikadhani mwendo ni ule unaonifurahisha. Siku moja ya Julai, tumeshatoka kuelekea mashariki zaidi, upande wa Vermilion, tulikokota saa tatu bila kuguswa hata mara moja. Tulikuwa tunaburuta minyororo ya ndoana mbili zenye nyungunyungu, mbele yake kisahani kidogo cha bati kinachozunguka, kwa mwendo wa maili 1.2 kwa saa kama vitabu vinavyosema. Boti nyingine ikaja imenyooka usoni kwetu, nikakata kona pana kwenda kushoto kuipisha. Katikati ya kona mbao zote mbili za mbali za kulia zikarudi nyuma, moja baada ya nyingine.

Nilitaka kuita ni bahati. Shemeji, ambaye ni dereva wa lori na kona anazijua, ndiye aliyesema: "Hizi za nje zilikuwa zinakimbia." Ni kweli. Boti ikikata kushoto, mbao za kushoto zinazunguka duara dogo, zinakaribia kusimama, na chambo zake zenye chubwi zinazama. Za kulia zinazunguka duara kubwa, zinakwenda kasi, chambo zake zinanyanyuka. Samaki walikuwa wamejibu swali ambalo sikuwa nimeuliza. Tukapandisha hadi maili 1.7, tukanyooka, na kabla ya adhuhuri tulikuwa na 12, 6 kila mtu, ndiyo idadi inayoruhusiwa Ohio kwa siku, na hakuna aliyepungua inchi 15. Tangu siku hiyo sikokoti kwa mstari ulionyooka. Naiendesha boti kama nyoka, kona pana ya kushoto, kona pana ya kulia, na ninachotazama ni mbao za upande gani zinashikwa. Zikishikwa za ndani napunguza mwendo. Zikishikwa za nje naongeza. Kona iwe pana kweli. Kona kali inaleta mbao za ndani chini ya mishipi ya nje, na kufumua fundo la mishipi sita ni ibada ya peke yake.

Kuhusu chambo nitasema ninachokiamini, wengine wabishe. Maji yakiwa baridi, Aprili, navuta visamaki vyembamba virefu, kama Husky Jerk ya Rapala, kwa mwendo wa pole sana, wakati mwingine maili 1.2 tu kwa saa. Mei na Juni, nyungunyungu na visahani. Maji yakichafuka nachukua kisahani kikubwa cha mviringo kinachopiga kishindo, yakitakata nachukua chembamba chenye umbo la jani. Ili kuvizamisha nabana chubwi dogo kwenye mshipi: natoa futi 50, nabana chubwi, natoa 50 nyingine, kisha ubao. Joto likizidi, vijiko vyembamba vya bati au visamaki vyenye mdomo mrefu, maili 2 na zaidi. Rangi? Maji ya matope, dhahabu na machungwa. Maji meupe, fedha na zambarau. Zambarau inapendwa sana Erie na sijui samaki anaiona ni nini. Lakini nimeona boti mbili zikipishana, moja ina sanduku la rangi mia, nyingine ina chambo nne zilizochubuka rangi, na ile ya pili ndiyo iliyokuwa na kina sawa na mwendo sawa. Ningeanza na mbao mbili, moja ya kila upande, na aina tatu za chambo. Masanduku mengine yatakuja yenyewe, ni ugonjwa.

Kusoma mbao ndiko kulikonirudisha karibu na kidole cha mjomba. Mwanzoni nilikuwa nasubiri ubao uzame. Wolai mkubwa wala hauzamishi. Anauvuta nyuma polepole, kama mtu mzima anayekataa kusukumwa. Mdogo anautingisha tu. Wapo samaki weupe wadogo wanaoweza kuburutwa nusu saa bila ubao kuonyesha lolote isipokuwa kukaa nyuma ya mstari wa wenzake kwa kiganja kimoja, na kwa nusu saa hiyo umevua na ndoana iliyoshiba. Jani la majini likinasa kwenye ndoana, ubao unatulia zaidi kuliko inavyopasa: mtetemo wake mdogo unapotea. Kuna vibendera vyenye springi vinavyolala samaki akivuta, ninavyo, vinasaidia macho yangu jioni. Bado naamini zaidi mstari wa mbao zenyewe. Nikishaziona zote zimepanga safu, nasikia raha. Ikitoka moja nyuma, tumbo linashtuka kabla kichwa hakijaelewa.

Na mara nyingi ni yule wanayemwita kichwa cha kondoo. Anavuta kwa hasira, anapiga mshipi ngumi ngumi, unaita wavu, unamwona ni kijivu mwenye kibiongo, na botini wote wanakaa chini. Wolai hapigi ngumi, ni uzito tu na kichwa kinachotikisika pole. Wenyeji wengi wanamdharau kichwa cha kondoo. Ila masikioni ana vijiwe viwili vyeupe kama pembe ya ndovu, vyenye mchoro wa herufi L, na mawimbi huvitupa ufukweni. Binti yangu ana kopo zima la vijiwe hivyo, anaviita vya bahati. Wolai mwenyewe nyama yake ni nyeupe na haina shombo kabisa. Mke wangu anampaka nazi na ukwaju kama changu, akilalamika kwamba samaki asiye na harufu hana ukoo.

Mzee wa kiwanda cha vioo magoti yamemshinda, boti ameuza. Sasa anakaa kwenye kiti changu cha kushoto na kazi yake ni mbao za kushoto. Hashiki ufito. Anasema "huyo" kabla yangu kila mara, na akikosea anasingizia miwani.

Desemba iliyopita shemeji alikwenda nyumbani, nikampa amfikishie mjomba mbao mbili, moja ya kulia na moja ya kushoto, nilihakikisha, pamoja na mabanio yake na maelezo niliyoyarekodi kwa sauti dakika kumi na moja. Nilimweleza kila kitu: banio liwe kiungo kitakachofunguka, mshipi unyumbuke, asikwapue. Ulipita mwezi. Kisha ukaja ujumbe, upepo ule ule nyuma yake.

"Mpwa wangu, kibanio chako sikukiamini, ni cha plastiki. Nimeufunga mshipi kwenye ubao fundo tatu. Ubao umekwenda vizuri, umekaa mbali na ngalawa, hata mimi nimeshangaa, vijana wote wamekuja kutazama. Akaja nguru. Ubao ukazama mara moja, ukatoka, ukazama tena, mshipi ukakatika hapa mguuni, na mara ya mwisho kuuona ubao wako ulikuwa unaelekea Pemba. Nitumie mwingine. Na kabla hujaniuliza: mshipi nilikuwa nimeushika mimi."